Tumeshinda 13–12, mbona wanamlaani meneja?

*"Mwalimu, shikamoo. Naishi Houston mwaka wa tatu sasa, na kazini wenzangu hawana mazungumzo zaidi ya besiboli. Wiki iliyopita waliuangalia tena ule mchezo wa tano wa World Series ya 2017, fainali ya ligi kuu ya besiboli yenye michezo hadi saba, Astros wetu wa hapa Houston 13, Dodgers wa Los Angeles 12. Nikadhani watashangilia upya. Badala yake wakabishana saa nzima. Huyu anasema meneja wetu Hinch nusura aupoteze mchezo kwa kupanga warushaji vibaya, yule anasema Roberts wa Dodgers ndiye aliyewachosha watu wake. Mimi niliyekulia kwenye mpira wa miguu naona timu ikishinda basi, yamekwisha. Ubishi wa nini? La pili: mwanangu ana miaka 12, ni mrushaji wa timu ya mtaa. Jumamosi iliyopita alirusha mipira 58, Jumapili akasema kiwiko kinamuuma kwa ndani. Wiki hii kocha anamtaka Jumamosi na Jumapili pia, kwa kuwa Jumapili ni nusu fainali. Je, mtoto naye ana hesabu kama hizi za wakubwa?"*

Marahaba. Umeuliza mawili, nami nianze na dogo kwa umri lakini kubwa kwa uzito: mwanao asirushe wikiendi hii, wala Jumamosi wala Jumapili, mpaka kiwiko hicho kitazamwe na daktari. Sababu nitazitoa mwishoni, kwa kuwa zinaeleweka vizuri zaidi ukishajua mkono wa mrushaji unavyochoka. Hilo hilo la mkono kuchoka ndilo wenzako walilokuwa wakibishania, hata kama hawakulitaja kwa jina.

Sasa tuje kwenye ubishi. Unasema timu ikishinda yamekwisha. Kwenye mpira wa miguu nako si kweli sana. Mwulize shabiki yeyote wa Simba au Yanga ambaye timu yake imeshinda 4–3 baada ya kuongoza 3–0, uone kama kocha atasalimika kijiweni. Ila kwenye besiboli kuna jambo la ziada. Ushindi wa Jumapili hulipwa kwa mikono ya watu, na mikono hiyo hiyo ndiyo itakayohitajika Jumanne. Meneja anayemrusha mtu leo anakopa kutoka mchezo unaofuata. Kwa hiyo timu inaweza kushinda 13–12 na bado ikawa imenunua ushindi huo kwa bei mbaya, na timu nyingine ikashindwa huku meneja wake akiwa amepanga vizuri karibu kila kitu.

Lingine la kusahihisha: mikimbio 25 (mkimbio ndiyo pointi ya besiboli) haimaanishi mameneja wote wawili walikuwa wajinga. Tazama kazi ya mrushaji ilivyo. Anasimama juu ya kichuguu chenye kimo cha sentimita 25 hivi, mita 18.44 kutoka nyumbani anaposimama mpigaji. Mpira wa kasi wa kilomita 153 kwa saa hufika kwa mpigaji kwa kama sekunde 0.4. Katika muda huo mpigaji auone, aujue ni wa aina gani, aamue, na azungushe gongo. Mrushaji anaishi kwa ukingo mwembamba mno: kasi ikipungua kidogo, au mpira uliolengwa pembeni ukaja katikati kwa upana wa kiganja tu, mpira ule ule ambao ungekoswa unavuka uzio na kuwa homurani. Usiku huo wa Oktoba 29 zilipigwa homurani saba.

Mambo matatu huula ukingo huo. La kwanza ni uchovu wa mkono. La pili ni mazoea: mpigaji anayemkabili mrushaji kwa mara ya tatu katika mchezo mmoja huwa ameshaisoma mipira yake, na kwa wastani hupiga vizuri kuliko mara ya kwanza, hata kama mrushaji bado ana nguvu. La tatu ni upande. Mrushaji wa mkono wa kushoto huwatesa zaidi wapigaji wa kushoto, na wa kulia huwatesa wa kulia, kwa sababu mpira unaopinda humkimbia mpigaji badala ya kumjia. Ukiyashika haya matatu, unaweza kukaa na wenzako na kumhukumu meneja kwa haki.

Sheria moja unaijua tayari: mrushaji akitolewa harudi, sawa na mchezaji wa mpira wa miguu akishabadilishwa. Lakini hakuna kikomo cha mabadiliko ila idadi ya watu walioko kwenye bulipeni, ule uwanja mdogo wa pembeni ambako warushaji wa akiba wanapasha mwili moto. Mwaka 2017 meneja aliruhusiwa hata kumleta mtu kwa mpigaji mmoja tu na kumtoa. Tangu 2020 mrushaji lazima akabili wapigaji watatu au amalize nusu ya awamu (awamu ni zamu ya kila timu kupiga, na mchezo wa kawaida una tisa), kwa hiyo ukisikia kijana anasema "angemleta wa kushoto kwa huyu mmoja tu", mwambie kwa sheria za 2017 ingewezekana, leo haiwezekani ila kama huyo mmoja ndiye anayemaliza nusu ya awamu.

Haya, mchezo wenyewe. Dodgers walianza na Clayton Kershaw, wa mkono wa kushoto, mmoja wa warushaji bora wa kizazi chake. Walimpa uongozi wa 4–0. Awamu ya nne Astros wakasawazisha, mikimbio mitatu kati ya hiyo minne ikitoka kwenye homurani ya Yuli Gurriel. Awamu ya tano Cody Bellinger akampiga Collin McHugh wa Astros homurani ya watu watatu, yaani ya mikimbio mitatu, ikawa 7–4. Kershaw akarudi kichuguuni, akapata auti mbili, yaani aliwatoa wapigaji wawili, na ya tatu ingemaliza zamu ya Astros. Kisha akampa George Springer beisi ya bure (mrushaji akikosa shabaha mara nne, mpigaji huenda kituo cha kwanza bila kupiga), na Alex Bregman naye baada ya mvutano mrefu. Alikuwa ameshavuka mipira 90, na Springer na Bregman walikuwa wanamkabili kwa mara ya tatu. Anayefuata ni Jose Altuve, mpigaji wa kulia.

Hapo Dave Roberts, meneja wa Dodgers, alimtoa Kershaw, akamleta Kenta Maeda, wa mkono wa kulia. Mipira michache baadaye Altuve aliupeleka mpira kule ng'ambo. 7–7.

Wenzako wengi watakwambia hapo Roberts alikosea. Mimi nasema hapana, na hapa ndipo ubishi mwingi wa besiboli unapopotea njia. Weka matokeo pembeni, tazama alichokuwa anakijua Roberts wakati anatembea kwenda kichuguuni: mrushaji ametoa beisi mbili za bure mfululizo, mipira ni mingi, orodha ya wapigaji inazunguka mara ya tatu, mpigaji ni wa kulia na mrushaji ni wa kushoto. Ishara zote nne zinaelekea upande mmoja. Kumleta wa kulia ni uamuzi ambao ukirudiwa mara mia, mara nyingi utalipa. Mara hii haukulipa. Kosa dogo, kama lipo, ni kwamba Maeda alikuwa amerusha awamu mbili na zaidi siku mbili tu kabla, kwenye mchezo wa tatu, kwa hiyo mkono haukuwa mpya. Lakini mwezi Oktoba ni nani mwenye mkono mpya?

Jibu la swali hilo alikuwa nalo Hinch, na halikumsaidia. McHugh, yule aliyepigwa na Bellinger, hakuwa amerusha tangu Oktoba 16, mchezo wa tatu dhidi ya Yankees kwenye fainali ya Ligi ya Amerika. Siku 13. Mkono umepumzika mpaka basi. Akaingia 4–4, akawapa wapigaji wawili wa kwanza beisi za bure, kisha homurani. Mapumziko marefu yana adha yake: nguvu ipo, shabaha imeondoka. Vidole hupoteza ile hisia ya kuuachia mpira pale pale kila mara, na mpira unaokawia kuachiwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde unakwenda chini, unaowahi unakwenda juu. Ndiyo maana timu huwapa warushaji wasiotumika zamu za kurusha mazoezini baada ya siku kadhaa. Lakini zoezi ni zoezi, mbele yako hakuna Bellinger. Mara tu baada ya hapo McHugh alitulia na kuimaliza awamu ya sita bila mkimbio, na Hinch alifanya vyema kumwacha aendelee. Ndiyo maana nikipima uamuzi wa kumleta nasema ulikuwa kamari, ila si ya kijinga, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kubeba awamu mbili na kuwaokoa wengine.

Tufike awamu ya saba, kiini cha mambo. Dodgers wanaongoza 8–7. Wapigaji wanne wa Astros wanaokuja ni Springer, Bregman, Altuve na Carlos Correa, wote wa kulia na wote wakali. Roberts akamleta Brandon Morrow. Morrow alikuwa amerusha kwenye mchezo wa tatu na wa nne, kwa hiyo hii ilikuwa siku ya tatu mfululizo, na alikuwa amecheza kila mchezo wa fainali hiyo. Mpango wa awali ulikuwa apumzike. Yeye mwenyewe alipiga simu kutoka bulipeni kusema yuko tayari, anataka kurusha.

Mpira wa kwanza: Springer, homurani, 8–8. Bregman akapata beisi. Altuve akapiga mpira uliomwingiza Bregman, 9–8. Correa, homurani, 11–8. Mipira sita, hakuna hata auti moja, mikimbio minne. Morrow akatoka.

Huu ndio uamuzi ninaouhesabu kuwa mbovu, na ungekuwa mbovu hata kama Springer angekosa. Kumbuka mkono unavyochoka. Kiwiko cha mrushaji kina kano ndogo upande wa ndani, inayounganisha mfupa wa mkono wa juu na ule wa chini. Kila mrusho wa nguvu unaivuta. Kinachoilinda ni misuli ya kigasha inayopita juu yake, ile unayoisikia ukikaza ngumi. Misuli ikiwa mipya, inabeba sehemu ya mzigo. Ikichoka, mzigo unahamia kwenye kano. Kabla ya madhara hayo makubwa, dalili ya kwanza huonekana kwenye mpira: kasi inaweza kubaki ile ile kwa adrenalini, lakini shabaha inalegea na mpira unapoteza ule mwendo wa mwisho unaomfanya mpigaji apige hewa. Ndiyo sababu kipima kasi kinadanganya. Shabiki anaona kasi bado iko juu, anasema "yuko fiti", kumbe mpira umenyooka na unapita katikati.

Na kumbuka pia, mipira inayotangazwa kwenye televisheni siyo yote. Mrushaji wa akiba akipigiwa simu aamke, anarusha labda mipira 20 au 30 bulipeni, kisha minane kichuguuni kabla ya kuanza. Anaweza kuamshwa, akapasha moto, halafu asitumike, na bado mkono umelipa. Mameneja wazuri wanahesabu hata hizo, na ukitaka kumjua meneja mzembe mtazame anavyowaamsha watu ovyo.

Halafu lipo hili la Morrow kupiga simu. Mchezaji akikwambia yuko tayari, hakudanganyi, anaamini hivyo. Lakini kazi ya meneja ni kujua kwamba mchezaji wa fainali hatasema hapana hata akiwa na mkono uliokufa ganzi. Mpango uliowekwa asubuhi, akili ikiwa imetulia, una thamani kuliko moyo wa mtu saa tano usiku. Njia nyingine zilikuwepo. Ross Stripling, wa kulia, alikuwa bado yuko bulipeni. Ama ingeletwa silaha kubwa kabisa, Kenley Jansen, klosa wao, hapo hapo awamu ya saba.

Hii ya Jansen ieleweke. Klosa ni yule mrushaji anayewekwa kwa ajili ya awamu ya mwisho. Desturi hiyo imetiwa nguvu na takwimu ya "kuokoa mchezo", iliyoanza kuhesabiwa rasmi mwaka 1969: mtu anayemaliza mchezo akilinda uongozi mdogo anaandikiwa sifa hiyo. Takwimu ikawa bwana, mameneja wakawa watumwa wake, wakimhifadhi mtu wao bora kwa ajili ya awamu ya tisa hata kama moto unawaka awamu ya saba. Uongozi wa mkimbio mmoja mbele ya wapigaji wanne bora wa Astros ulikuwa wakati mzito kuliko awamu nyingi za tisa. Upande wa pili nao una hoja: ukimtumia Jansen saa hiyo, nani atafunga mlango baadaye? Kwa kweli Roberts alikuwa amemtumia Jansen hata jana yake, mchezo wa nne, akiwa na uongozi wa mikimbio mitano. Hapo ndipo mimi ningemlaumu kabla ya kufika kwa Morrow. Risasi uliyoipiga kwa swala aliyekwishaanguka utaitafuta simba akija.

Astros nao wakafika awamu ya tisa wakiongoza 12–9. Hapo kawaida angeletwa Ken Giles, klosa aliyeokoa michezo 34 msimu huo. Hinch akamwacha kwenye benchi. Jana yake Giles alikabili wapigaji watatu, wote wakafika beisi, na mikimbio mitatu ikaandikwa kwake. Akaletwa Chris Devenski. Yasiel Puig akapiga homurani ya watu wawili, Austin Barnes akafuata na mpira wa beisi mbili, na baada ya auti ya pili Chris Taylor akamwingiza Barnes. 12–12.

Hapa waungwana wanaweza kutofautiana. Wa takwimu atakwambia wapigaji watatu si kitu mbele ya msimu mzima. Giles wa miezi sita ndiye Giles wa kweli. Wa macho atakwambia Giles wa wiki hiyo alikuwa mtu mwingine, na alishapigwa na Puig kwenye mchezo wa pili pia. Mimi naelemea kidogo kwa Hinch, kwa sababu moja: mrushaji anayepoteza shabaha halafu anapoteza kujiamini harudi kwa usiku mmoja. Hinch hakuyumba baadaye. Giles hakurusha tena mwaka huo, na mchezo wa saba Novemba 1, Astros wakishinda 5–1, awamu nne za mwisho alizibeba Charlie Morton, mrushaji wa kuanza. Kilichombeba Hinch usiku ule wa 13–12 ni upande wa pili: Joe Musgrove aliizima awamu ya kumi, na Jansen, akiwa kwenye awamu yake ya pili, akampiga Brian McCann kwa mpira, akampa Springer beisi ya bure, kisha Bregman akamaliza kazi, Derek Fisher, aliyeingia kukimbia badala ya McCann, akifika nyumbani na mkimbio wa ushindi. Mchezo ulidumu saa tano na dakika 17. Warushaji 14, saba kila upande.

Siwezi kuuacha mchezo huu bila kutaja doa lake, maana kwenye meza ya Houston watalikwepa. Januari 2020 ligi ilitangaza kwamba Astros ya 2017 ilitumia kamera kuiba ishara za wadakaji wa timu pinzani (mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji kwa vidole arushe mpira gani), wachezaji wakigonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja, na kwamba jambo hilo liliendelea hadi michezo ya mtoano ya mwaka huo. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow walifungiwa msimu mzima na kufukuzwa siku ile ile, klabu ikapigwa faini ya dola milioni 5. Sasa rudi kwa Kershaw. Usiku ule alirusha zaidi ya mipira 50 ya kupinda na wapigaji wakapiga hewa mara moja tu, jambo la ajabu kwa mtu wa silaha ile. Wapo warushaji wa pande zote mbili, Justin Verlander na Yu Darvish miongoni mwao, waliolalamika pia kwamba mipira ya fainali ile ilikuwa na utelezi na slaida, mpira wa kupinda unaokwenda kwa kasi, haishikiki. Kipi kilichangia kiasi gani, kila mtu na lake. Ninachosema ni kwamba ukimhukumu Roberts kwa mazoea ya wapigaji na uchovu wa mrushaji, ujue mizani yake ilikuwa imeshikwa na mkono wa mtu mwingine.

Ukitaka kuingia kwenye ubishi huo bila kuaibika, jifunze kusoma karatasi ya mchezo. Safu ya awamu ukiona 4.2 usisome nne nukta mbili. Ni awamu nne na auti mbili. Kershaw ameandikiwa 4.2 na mikimbio sita, wakati alipotoka ubao ulionyesha minne tu dhidi yake. Ile miwili ya ziada ni Springer na Bregman: mkimbiaji anahesabiwa kwa yule aliyemruhusu kufika beisi, hata akiingizwa na mpira wa mrushaji mwingine. Kwa hiyo aliyeingia akaharibu anaweza kuonekana msafi, na aliyekaa benchi akaonekana mchafu. Nayo sifa ya "ushindi" usiipe uzito: ilikwenda kwa Musgrove kwa awamu moja. Tazama safu ya idadi ya mipira, halafu fungua karatasi za siku mbili zilizotangulia uone nani alirusha mingapi. Hapo utawashinda nusu ya wenzako kabla hawajafungua mdomo, kwa kuwa wengi wanakumbuka homurani na hawakumbuki juzi.

Sasa mwanao.

Ndiyo, watoto wana hesabu, na ni kali kuliko za wakubwa, kwa sababu kiwiko cha miaka 12 bado hakijafunga. Upande wa ndani wa kiwiko, mahali ile misuli ya kigasha inaposhika, kuna sehemu laini ya mfupa inayoendelea kukua. Kwa mtu mzima kinachoanza kusalimu amri ni kano. Kwa mtoto kano ina nguvu kuliko ile sehemu laini, kwa hiyo mfupa ndio unaovutwa na kuvimba, na ukizidishiwa unaweza kubanduka. Maumivu ya ndani ya kiwiko kwa mrushaji wa umri huo ni dalili ya hapo hapo mpaka daktari aseme vingine.

Mwongozo unaoitwa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu pamoja na USA Baseball, unaweka mipira 85 kwa siku kuwa mwisho kwa miaka 11 na 12. Mapumziko yanakwenda kwa idadi: mipira 1 hadi 20, hakuna siku ya lazima, 21 hadi 35, siku moja, 36 hadi 50, siku mbili, 51 hadi 65, siku tatu, 66 na kuendelea, siku nne. Mwanao alirusha 58, maana yake siku tatu kamili. Jumapili ile hakutakiwa kurusha hata mmoja. Na hesabu hii haijali ni timu gani: mtoto anayechezea timu ya shule na ya mtaa ana mkono mmoja. Kwa mwaka mzima, miaka 9 hadi 12 asizidishe awamu 80, na apate angalau miezi minne bila kurusha, miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Usikubali pia arushe kisha akadake mchezo huo huo. Mdakaji anarudisha mpira kila mara, na mkono haujui tofauti. Little League, chama cha besiboli ya watoto, wenyewe wanamkataza mtoto aliyefikisha mipira 41 kudaka siku hiyo. Sheria za kuhesabu mipira ndizo zilizowahusu hata wale watoto wa Lugazi, Uganda, walipokwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League mwaka 2012 kama timu ya kwanza kutoka Afrika.

Daktari mtafute wiki hii, na awe wa mifupa ya watoto au wa michezo kama mnaweza kumpata. Kwa kawaida ataanza na picha ya eksirei ya viwiko vyote viwili ili alinganishe. Mpeleke siku hiyo hiyo bila kungoja miadi ikiwa hawezi kuunyoosha mkono, kiwiko kimevimba, alisikia kitu kikilia "pop" wakati anarusha, au kidole cha mwisho na cha pembeni yake vinakufa ganzi. Usimpe dawa ya maumivu ili acheze. Dawa inazima kengele, moto unaendelea. Na usimuulize "unaumwa?" mbele ya kocha, kwa sababu atajibu kama Morrow. Muulize nyumbani, ukiminya taratibu mfupa wa ndani wa kiwiko, na uangalie uso wake badala ya kusikiliza maneno. Angalia pia anavyopiga mswaki na anavyobeba begi la shule.

Kwa kocha huna haja ya kugombana. Mwambie hivi: "Kocha, kijana alirusha 58 Jumamosi na kiwiko kinamuuma kwa ndani, kwa hiyo harushi mpaka daktari aruhusu. Kama daktari ataona sawa, anaweza kupiga au kukimbia beisi." Kisha mpe karatasi ya idadi ya mipira uliyoiandika mwenyewe. Kuanzia sasa uwe na kijidaftari mfukoni, tarehe na idadi, ukikaa nyuma ya nyavu. Akikuuliza nani atarusha nusu fainali, hiyo ni kazi yake yeye, na timu ya watoto 12 isiyo na mrushaji wa pili ilikuwa na shida kabla ya Jumapili.